Alama Tano kwa Nyama ya Meneja

Kila Jumatano asubuhi, kabla nyama haijaonjwa, Loise aliombwa aongoze sala, na kila Jumatano alikwama mahali pale pale. Kumshukuru Mungu kwa chakula aliweza hata akiwa nusu usingizini. Kuwaombea wapishi pia hakukumpa shida. Shida ilikuwa mbuzi. Maisha yake yote Loise alikuwa ameombea nyama ya mbuzi aliyekwisha kufa, na sasa aliketi mbele ya vipande vya nyama ya mbuzi aliyemwona jana yake tu huko Marungu, mzima wa afya, akitafuna shuka la jirani kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Na umbariki pia Meneja," alimalizia, "popote alipo sasa hivi, umpe maisha marefu. Amina."

"Amina," wenzake wakaitikia, na mmoja akakohoa kuficha kicheko.

Meneja ndiye mbuzi mwenyewe. Alikuwa dume la Thadeus, kaka yake Loise, na alipewa jina hilo kwa sababu siku zote alitembea mbele ya wenzake na hakuna aliyewahi kuona kazi anayofanya. Mwaka uliotangulia daktari wa mifugo alimtoa kipande cha nyama pajani, kidogo kama punje ya harage, akamshona, na Meneja akarudi malishoni na hasira za siku moja. Kile kipande kilipelekwa Voi, kwenye kiwanda kidogo ng'ambo ya reli. Huko seli zake zilitiwa ndani ya mtungi wa chuma wenye maji ya sukari, chumvi na virutubisho, zikaanza kuongezeka zenyewe kama unga wa mandazi uliotiwa hamira. Kwa hiyo watu walimla Meneja, na Meneja akaendelea kula mashuka.

Aliyelinda mitungi hiyo hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta yenye akili unde, iliyopima joto na hewa na chakula cha seli mchana na usiku bila kupiga miayo, na kila wiki ikabuni namna mpya ya kuikuza nyama. Ilikuwa imepewa kazi moja: itafute njia ya kukuza nyama upesi zaidi na kwa gharama ndogo zaidi, mradi tu waonjaji wabaki wameridhika. Wanawake waliokuja kuionja nyama waliiita mashine hiyo Bwana Mpishi. Geoffrey, msimamizi wa kiwanda, kijana wa Chawia aliyependa kila kitu kiitwe kwa jina lake, aliwaeleza mara nyingi kwamba si bwana na wala si mpishi. Walimsikiliza kwa heshima, wakatikisa vichwa, wakaendelea kuiita Bwana Mpishi.

Aliyeifundisha mashine ni Shanice. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Loise, na Loise alimlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Kila alipomwona akivuka reli na koti lake jeupe, moyo wake ulisema asante, Bwana, kabla mdomo haujapata nafasi. Kwa hiyo Shanice alipotafuta watu wa kuonja nyama kila wiki, Loise hakutafuta mbali. Alileta kikundi chake cha kina mama wa kanisani, wote wakiwa wamevaa kama wanaokwenda harusini.

Na pale langoni, siku ya kwanza kabisa, aliwasimamisha akawaambia neno moja.

"Mtoto wetu ndiye anayesimamia mashine hii," alisema. "Mnajua alikotoka. Tusimwaibishe."

Hakuona kosa lolote katika maneno hayo. Hata malaika, alidhani, angesema hivyo hivyo.

Namna ya kutoa maoni ilikuwa rahisi. Kila mwonjaji alipewa kishikwambi chenye nyuso tano. Wa kwanza ulikuwa unalia, wa tano ulikuwa unacheka mpaka meno yote nje. Ulionja kipande, ukabonyeza uso unaofanana na moyo wako. Kina mama hawakuhangaika na zile nyuso nne za mwanzo. Margaret, mwalimu wa Sunday school, mwanamke mpole kiasi kwamba aliomba radhi akikanyaga kivuli cha mtu, alibonyeza uso wa tano kisha akakiambia kishikwambi asante.

Nyama ya kwanza haikuwa mbaya. Ilikuwa na ladha ya mbuzi aliyepita karibu na sufuria bila kuingia. Lakini akili unde ilitazama zile nyuso zinazocheka, ikaona watu wameridhika, ikafanya ambalo mpishi yeyote hulifanya akiwa na mume asiyelalamika: ikapunguza. Wiki iliyofuata ilipunguza siku za kukuza. Watu wakacheka. Ikapunguza chakula cha seli. Watu wakacheka. Ikaondoa mafuta, na watu wakacheka tena, wengine wakasema Mungu awabariki. Baada ya miezi michache kilicholetwa mezani kilikuwa kitu cheupe, kilicholowa, chenye harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni, na waonjaji kumi na kitu walikuwa wakikipa uso wenye meno yote nje.

Loise alikimeza pamoja nao. Alidhani tatizo ni lake. Wenzake wote wanafurahia, yeye peke yake anapata ladha ya beseni; basi ni umri, au ni ulimi, au ni majaribu. Akaliweka jambo hilo katika sala zake za asubuhi, kati ya mvua na mgongo wa Thadeus. "Bwana," aliomba, "nirudishie ulimi wangu ulivyokuwa."

Kisha zikaja habari mbaya. Geoffrey alikuwa amepeleka nyama kwa Nicholas, mpishi mkuu wa kambi moja ya watalii kando ya mbuga, kwa kuwa kambi ile ndiyo iliyotazamiwa kuwa mteja wa kwanza. Nicholas aliirudisha siku hiyo hiyo. Alisema kwa adabu kwamba hawezi kumwekea mgeni kitu kile hata kama mgeni amepotea njia siku tatu.

"Ana maringo," Shanice alimwambia Loise jioni hiyo, akitupa viatu vyake kando ya mlango. "Alama zetu ni tano juu ya tano, Mama. Kila wiki. Nimemwonyesha Geoffrey grafu. Iko straight kama reli."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wenye kiwanda wanakuja kutoka Nairobi mwisho wa mwezi. Wanakuja na huyo Nicholas, aonje mbele yao. Akikataa tena, wanahamisha mitambo, na sisi wote tunarudi nyumbani." Aliketi. "Lakini hatakataa. Namba hazidanganyi."

Loise alikwenda jikoni akafunika sufuria ambayo tayari ilikuwa imefunikwa.

Jumatano iliyofuata, walipotoka kuonja, alipita kwenye kibanda cha Mwanamvita kilicho mkabala na lango la kiwanda. Mwanamvita, mama wa Kimombasa aliyeolewa Voi zamani, aliuza soda, biskuti na vocha za simu, na hakuna kilichopita barabarani asikione. Mwenyewe hakuwa ameonja nyama ile. Alisema angoja masheikh wamalize kuijadili kwanza, na hana haraka.

"Bibi Loise," alisema akifungua soda, "nataka nikuulize, na usinione mpekuzi. Humo ndani mwapewa dawa?"

"Dawa gani?"

"Mie sijui. Naona tu. Kila Jumatano mwatoka humo, kila mmoja yuaja hapa ataka soda, na funda la kwanza hamlinywi. Mwasukutua nalo, mwaenda kutema kule nyuma ya kibanda. Nyote. Na wewe umo."

Loise alikuwa na funda la kwanza mdomoni wakati huo. Alilimeza kwa shida.

"Mimi nina matatizo ya ulimi," alisema.

"Basi ulimi ni mmoja, mwaazimana," alisema Mwanamvita. "Lakini mie silalamiki, mwenzangu. Jumatano ndiyo siku yangu njema ya biashara."

Loise aliiacha soda juu ya meza akamkimbilia Margaret, ambaye alikuwa amefika darajani.

"Margaret. Mbele ya Mungu. Ile nyama."

Margaret alisimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Mbele ya Mungu kabisa?"

"Kabisa."

"Dada, mimi huimeza kama dawa ya malaria," alisema Margaret kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni meno yangu."

Siku hiyo Loise hakusubiri sala ya jioni. Alipiga magoti kando ya kitanda mchana kweupe, viatu miguuni. "Bwana," alisema, "nimesema uongo, na nimeusema mdomo ukiwa umejaa chakula ulichonipa. Na nimewafundisha wengine. Sasa mtoto anakwenda kuaibika kwa sababu nilitaka asiaibike. Nipe ujasiri wa kumwambia, na umpe yeye upole wa kusikia. Na ikiwezekana, uanze na huo upole."

Alimkuta Shanice akipiga pasi koti lake jeupe. Akamwambia yote, tangu neno la langoni mpaka soda za Mwanamvita. Shanice aliisimamisha pasi wima.

"Kwa hiyo miezi yote hii mmekuwa mkinidanganya."

"Tulikuwa tukikupenda."

"Mashine haijui tofauti, Mama."

Shanice akachukua tena pasi, akapiga mkono wa koti ambao ulikuwa umenyooka tayari. Baadaye alieleza mambo yalivyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefikiri, wala si ya mtu aliyekasirika, jambo lililomuuma Loise zaidi. Angeweza kuirudisha mashine kwenye ile nyama ya kwanza, alisema. Lakini ile nayo ilikuwa ya kuvumilika tu, haikuwa ya kumshinda Nicholas. Kutoka pale kwenda kwenye nyama ya kweli, akili unde ilihitaji mtu wa kuiambia kila mara imekosea wapi. Bila lawama haiwezi kujifunza. Na wao wafanyakazi hawakuruhusiwa kutoa alama, maana kila mtu hupenda mtoto wake.

"Basi Jumatano tutasema kweli," alisema Loise.

Jumatano ikafika, na Shanice akawasihi kina mama kwa unyenyekevu wote wataje kasoro. Walimhurumia sana. Walionja. Walitafuna muda mrefu kuliko kawaida. Margaret alifunga macho, akabonyeza uso wa nne, kisha akakifuta kishikwambi kwa ncha ya leso yake kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Mwingine alisema kasoro ni moja tu, kwamba wamewekewa nyingi. Wa tatu alianza kusema "labda kidogo," akamwona Shanice anamtazama, akamalizia "labda kidogo ningeongezewa."

Akili unde ikaandika kwenye skrini, kwa Kiswahili safi kuliko cha mchungaji: "Waonjaji wameridhika sana. Napendekeza tupunguze muda tena."

Shanice aliweka paji la uso juu ya meza.

Geoffrey alisema waletwe watu wengine. Wakaletwa walimu wa shule ya jirani. Walimu walikula, wakashukuru kwa Kiingereza, wakabonyeza uso wa tano, wakaondoka wakikimbilia kwa Mwanamvita. Huwezi kualikwa mahali, ukawekewa sahani, ukafunua mdomo kumwambia mwenyeji chakula chake hakiliki. Watu hawakulelewa hivyo. Loise mwenyewe, aliyekuwa ametubu kwa magoti, alikuta kidole chake kinakwenda kwenye meno yanayocheka chenyewe, kama kinavyojua njia ya paji la uso wakati wa kuomba.

Jumapili alikwenda Marungu kula chakula cha mchana kwa Thadeus. Mke wa Thadeus aliitwa Mutheu, Mkamba wa kutoka Mtito Andei, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa amepika muthokoi, ile pure ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na alimwekea wifi yake sahani iliyojaa. Loise alichota, akatafuna, na kitu kikalia kati ya meno.

"Wifi," alisema, "haya mawe umeyapima, au umeyatia kwa kukisia?"

"Nimekuwekea wewe peke yako," alisema Mutheu bila kugeuka. "Nilitaka meno yako yapate kazi. Kwenu mmezoea kimanga cha kupondwa, kitu hakitafunwi. Ni kama kula ukuta kabla haujakauka."

"Afadhali ukuta. Hizi harage nazo zimeiva upande mmoja. Moto ulikuwa unazionea aibu?"

"Uliona sura yako, ukazima."

Thadeus aliendelea kula. Miaka mingi ya ndoa ilikuwa imemfundisha wakati wa kutosikia. Mutheu aliinuka akarudisha sufuria motoni, akiguna kwamba kweli harage zilitaka dakika kidogo. Hapo kijiko cha Loise kikasimama hewani.

Alikuwa ameikosoa sahani ya watu. Si mara moja. Ameitaja mawe, ameitaja harage, na mwenyeji wake hakununa, amekwenda kurekebisha. Wala dhamiri haikumsuta hata kidogo, kwa sababu huyu ni wifi, na wifi usipomtania atadhani unaumwa. Na kama Mutheu ni wifi yake, basi ni wifi wa kikundi kizima, kwa maana nusu yao walimwita Thadeus kaka na nusu nyingine walijipa haki hiyo siku ya harusi yake.

"Wifi," alisema polepole, "Jumatano una kazi?"

Alimweleza. Mutheu alisikiliza, mikono kiunoni.

"Mnataka nipike ili nitukanwe," alisema.

"Utaniwe."

"Na mimi ninyamaze?"

"Ungeweza?"

"Hapana."

"Basi."

Jumatano ile Shanice aliviondoa vishikwambi vyote. Badala yake aliweka kinasa sauti katikati ya meza, akaiambia mashine isikilize na kuandika yatakayosemwa. Kina mama walikaa, wakaomba, Meneja akatajwa. Mara mlango wa jikoni ukafunguliwa na Mutheu akatokea na kikaango, aproni imembana, akasimama mbele yao kama mwenye nyumba.

"Leo nimewapikia mimi," alisema. "Kuleni polepole. Najua hamjazoea chakula chenye ladha."

Mabega ya kina mama yakabadilika. Walikuwa wamekaa kama wageni. Sasa walikaa kama mawifi. Hata hivyo hakuna aliyetaka kuanza. Loise aliona Shanice amesimama kando ya skrini, vidole vimefumbatana. Akachukua kipande, akatafuna. Kilikuwa kile kile cha siku zote. Akamwomba Mungu, kwa haraka na bila kufumba macho, amsamehe kwa atakayosema.

"Wifi," alisema, "nyama hii umeichuja kwa soksi za kaka yangu?"

Halafu Margaret, yule yule wa kuomba radhi kwa vivuli, akasema, "Na soksi zenyewe hazijafuliwa."

Basi, mlango ukawa umefunguka.

"Mbona inanikimbia mdomoni? Inateleza kama kipande cha sabuni."

"Mimi nimeuma nyama, nikajikuta nakunywa."

"Haina mafuta hata ya kupaka kidole. Meneja alikuwa amefunga na kuomba?"

"Mumeo anakula hii? Ndiyo maana mgongo wake hauponi."

Mutheu alimjibu kila mmoja kwa zamu na hakumwacha mtu. Aliyesema inateleza aliambiwa ashike kwa ufizi, maana meno alikwisha kuyamaliza kwenye mahindi ya watu. Kicheko kilivuka ukuta, na Geoffrey akaja kuangalia kumetokea nini. Alifika mbele ya skrini, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Waonjaji wanane wanataja soksi," mashine ilikuwa imeandika. "Tafadhali fafanua: ni soksi za pamba au za sufi?"

"Hili ni jambo gani, Shanice?" aliuliza Geoffrey.

"Data," alisema Shanice, akiandika haraka haraka huku machozi ya kucheka yakimdondoka. Aliieleza mashine kwamba soksi maana yake ni harufu ya uvundo na unyevu uliozidi. Kwamba kuteleza ni kukosa nyuzi. Kwamba kufunga ni kukosa mafuta. Skrini ilitulia kidogo. Kisha ikaandika: "Asante. Haya ndiyo malalamiko ya kwanza tangu kazi ianze. Narefusha muda wa kukuza, na naomba ruhusa ya kubadilisha mambo mengine."

Ruhusa ilitolewa papo hapo, na kwa kuwa siku zilikuwa chache, Mutheu akawa anakuja kila mara mtungi ulipokuwa tayari. Akili unde iliacha pupa. Ilizipa seli nyuzi nyembamba za kushikilia, zikajipanga kama nyama inavyojipanga mfupani. Iliongeza seli za mafuta, ikashusha maji. Kila mara kina mama waliisuta, na kila mara ilikwenda ikarekebisha bila kinyongo, jambo ambalo Loise aliona Wakristo wengi wangeweza kuliiga. Soksi zikaanza kupungua. Kwanza zikawa soksi zilizofuliwa, halafu soksi za mtoto mchanga, na siku moja mashine ikauliza: "Leo waonjaji hawajataja soksi. Je, wamesahau?"

Hawakuwa wamesahau. Walikuwa wakitafuna. Na siku hiyo, Loise aliona, wengi walipita mbele ya kibanda cha Mwanamvita bila kusimama. Mwanamvita alimwambia kwamba haelewi amewakosea nini.

Mtu mmoja tu hakuwahi kusema lolote jema, naye ni Mutheu. Hilo halikumshangaza yeyote. Mutheu hakuwa amesifu chakula tangu alipoolewa. Keki ya harusi yake mwenyewe alisema ilikuwa laini mno.

Mwisho wa mwezi wageni wakaja: mume na mke kutoka Nairobi, wenye kiwanda, na Nicholas, mtu mnene, mtulivu, anayetembea kama anayechunga asimwage kitu. Loise aliombwa aongoze sala, na kwa mara ya kwanza alikwama mahali pasipokuwa pa mbuzi. Mutheu akaleta kikaango.

Mume na mke walisema "wow" kabla hawajameza. Loise hakuhesabu neno lao. Alimtazama Nicholas. Nicholas alikata kipande, akakinusa, akakitia mdomoni, akatafuna akitazama dirishani. Akaweka uma chini.

"Ni nzuri," alisema. "Hongereni sana."

Mwenye kiwanda akapiga makofi. Geoffrey akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu asubuhi. Shanice akamgeukia Loise na uso uliojaa furaha, lakini Loise hakurudisha tabasamu, kwa sababu sauti ile aliijua. Ilikuwa sauti ya Jumatano. Ndivyo anavyosema mgeni aliyelelewa vizuri. Mtu huyu angewapa mkono, angepanda gari, na asingeagiza hata gramu moja.

Angeweza kunyamaza. Sifa ilikuwa imekwisha kutolewa mbele ya mashahidi, na leo ingetosha. Ndivyo alivyofanya pale langoni siku ya kwanza: aliangalia ya leo tu, ya kesho akayaacha.

"Mwanangu," alimwambia Nicholas, "hiyo 'nzuri' naijua. Mimi niliisema humu ndani miezi mingi, na ilikaribia kufunga kiwanda. Umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Kuna shemeji huko kwa mkeo?"

"Wapo wengi."

"Basi mchukue huyu mwenye kikaango ndiye shemeji yako, amekupikia nyumbani kwake. Sasa tuambie."

Shanice alikuwa ameacha kutabasamu. Mwenye kiwanda alitaka kusema jambo, mkewe akamshika mkono. Mutheu aliweka kikaango mezani.

"Sema, shemeji," alisema. "Au huko kambini watalii mnawalisha adabu?"

Nicholas alimtazama, na mashavu yake yakaanza kucheza. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kilichomtoa kitini.

"Haya, shemeji. Chumvi uliitupa ukiwa umesimama mlangoni, imefika upande huu tu. Na hivi vya pembeni umevikausha, umevifanya viatu. Mtu akiniletea hivi jikoni kwangu namfukuza."

"Na nyama?" aliuliza Shanice kwa sauti nyembamba. "Nyama yenyewe?"

Nicholas alichukua kipande cha katikati, akakitafuna bila kutazama dirisha. Akachukua kingine.

"Nyama haina neno," alisema. "Wiki ile nilirudisha kitu kingine kabisa. Hii niletee Ijumaa, ya kutosha meza mbili. Nitaipika mwenyewe, nione wageni watabakisha nini kwenye sahani. Nikipenda, nitaendelea. Nisipopenda, utanisikia, kwa sababu sasa najua mnapenda kusikia."

Haikuwa makofi. Lakini mwenye kiwanda alisema kwamba kwa hali hiyo hakuna haja ya kufungua hata skrubu moja ya mitambo, na Shanice akaketi juu ya kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha Geoffrey, na Geoffrey akamwachia.

Wageni walipotoka kwenda kuonyeshwa mitungi, Loise alibaki kukusanya sahani, akimshukuru Mungu kimya kimya kwa ajili ya watu wenye midomo mibaya. Alipoinua macho alimwona Mutheu jikoni, amegeuza mgongo, akiokota vipande vya mwisho kwenye kikaango na kuvila kimoja kimoja. Vilivyobaki alivifunga ndani ya karatasi ya foili, akavitia kwenye mkoba, chini kabisa, chini ya leso.

Shanice naye alikuwa ameona.

"Anti Mutheu," aliita, "wewe peke yako hujatoa maoni tangu tuanze. Tupe basi neno moja."

Mutheu aliufunga mkoba. Alifikiri sana.

"Inalika," alisema.

Kinasa sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Maneno yakatokea kwenye skrini: "Neno 'inalika' halina alama katika kumbukumbu zangu. Ni sawa na ngapi?"

Shanice akamgeukia Loise, vidole juu ya kibodi. Loise aliikumbuka keki ya harusi. Kidole chake kilimwasha kwenda kwenye uso wa tano, ule wenye meno yote nje, lakini vishikwambi havikuwapo, na yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyetubu.

"Andika nne," alisema. "Kwa sababu ya chumvi."

"Chumvi," alisema Mutheu kutoka mlangoni, "aliitia Geoffrey."